Mji Wenye Macho Paani

Nyumba za Sibiu zina macho.
Sisemi kwa mafumbo: paani, katikati ya vigae,
kuna matundu marefu yenye kope zilizolegea.
Yalikatwa zamani ili dari ipumue,
nafaka isivunde, nyama ikauke.
Leo yanatutazama tukishusha viti.

Mimi ni mtu wa viti. Mia sita, vyeupe,
miguu yake hukwaruza mawe ya Uwanja Mkubwa
mpaka meno yafe ganzi.
Jumanne niliwapangia madaktari wa meno.
Ijumaa ikawa harusi ya wawili kutoka Rotterdam
wasio na ndugu hapa, wala rafiki,
ila walikuwa wameona picha.

Picha! Hiyo ndiyo kazi ya Smaranda Oprean.
Hutembeza wageni, mwavuli mkononi hata jua likiwaka,
huuza mji kama muuza kitambaa:
huukunjua, huugeuza upande wenye nakshi.
"Tazameni mnara. Tazameni milima ilivyojipanga,
theluji yake mpaka Juni. Hapa mkutano wenu
hautakuwa mkutano, utakuwa kumbukumbu."

Kisha huwafikisha pale, Daraja la Waongo.
Njia ya mwongo ni fupi; hii ina hatua thelathini,
chuma cha kusubu, na barabara hupita chini yake.
Inasemekana ukidanganya ukiwa juu yake litanguruma, litaanguka.
Wafanyabiashara wamelipita, wachumba wameapiana papo hapo,
nalo bado limesimama.
Ama chuma ni kigumu,
ama limezoea.

Septemba alikuja Bwana Thibaudeau wa Lyon,
chama cha wahasibu, wajumbe mia nne na themanini.
Daftari dogo. Hakupiga picha hata moja.
Alisimama katikati ya daraja akauliza,
"Na usiku? Wanaokaa hapa hulala vipi?"

Nilikuwa nyuma yao na mkokoteni. Niliusimamisha.
Smaranda alifungua kinywa, akatazama chini,
lori la maziwa likapita,
akakifunga. Mwavuli ukahama mkono.

"Hawalali," akasema. "Jicho lile,
la tatu kutoka kwenye dohani, ni la mama yangu.
Usiku wa sherehe hujaza pamba masikioni
na hutulaani sote, mimi wa kwanza.
Halafu Januari, uwanja ukiwa barafu juu ya barafu,
hunipigia simu: wanarudi lini
wale wa viatu vyekundu, wale waliomwaga mvinyo?
Mwaka ule wa barakoa hakuja mtu.
Alihesabu njiwa. Alifika kumi na tisa, akaacha."

Daraja halikutikisika. Lakini, kwa haki,
halikuwa na sababu.

Mhasibu aliandika kitu, sijui kama ni tarakimu.
Akaniona mimi. Akauliza bei ya viti.
Nikamtajia ile ya kweli,
maana gurudumu langu moja lilikuwa bado darajani
na mkokoteni wenyewe ni wa mkopo.

Walikuja Mei. Hotuba ya pili ikakatwa na mvua,
wahasibu mia nne na themanini wakikimbilia chini ya matao,
mikoba vichwani, wakipiga kelele
kama wanafunzi walioachiwa kabla ya kengele.
Mmoja alibaki kitini mwake, akalowa, akitazama juu tu.
Hakuna aliyemuuliza anatazama nini.

Saa nane usiku nilikuwa nakusanya viti,
nikimwaga maji ya kila kimoja, kimoja baada ya kingine.
Uwanja ulinukia bia na mawe mabichi.
Darini, jicho la tatu lilikuwa na taa.
Mkono ukatoka, ukaachia kitu,
kikanidondokea begani bila uzito:
pamba, vipande viwili,
bado vina joto la masikio.